Kitovu cha Shujaa: Visasili, Mapenzi ya Jinsia Moja na Hadithi ya Fantasia katika Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo ingefaa kuchongwa juu ya kaburi la Fumo Liyongo. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyo wa Waswahili hashindwi na jeshi, wala gereza, wala hila za mtawala wa Pate. Anashindwa na sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni, na mkono ulioishika sindano hiyo ni wa mwanawe wa kumzaa. Miongoni mwa Waluo nako husimuliwa habari za Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya maadui iliugonga ikaanguka chini. Naye alikufa siku kivuli chake kilipochomwa, na siri ya kivuli hicho ilitobolewa na mke aliyemuuguza kitandani. Mighani hii miwili imetoka kwa jamii mbili na lugha mbili, lakini kanuni yake ni moja: udhaifu wa shujaa haukai pale adui anapopiga, bali pale shujaa mwenyewe anapopenda.

Kanuni hiyo yafaa kuwa chanzo cha mjadala ambao vijana watunzi huuanzisha wanapokaa kubungua bongo na kisha kuukimbia kabla haujaiva. Swali lenyewe ni hili: je, yawezekana kutunga kwa Kiswahili hadithi ya fantasia iliyojaa mapigano, majini na miji ya ajabu, yenye kuchota kutoka visasili, ambayo mashujaa wake ni wapenzi wa jinsia moja, au watu ambao jinsia waliyozaliwa nayo siyo wanayoiishi? Majibu hutoka kwa pupa. Upande mmoja hudai kwamba jambo lenyewe ni geni na ni aibu, kwa hiyo hadithi haina mahali. Upande wa pili hudai kwamba ni jambo jepesi: achukuliwe shujaa yeyote, asemwe kuwa ni wa kundi hilo, na kazi imekwisha. Pande hizi mbili zinatofautiana katika kila jambo isipokuwa moja. Zote hazijauliza mapenzi hayo yatafanya kazi gani ndani ya kisa. Hadithi ya namna hiyo inaweza kusimama katika Kiswahili, tena isimame imara, kwa sharti kwamba pendo liwe kitovu cha kisa na sababu ya upanga kuchomolewa, wala lisiwe utepe wa kupambia ala.

Visasili vya kale vinalithibitisha jambo hilo. Utendi wa Gilgamesh, uliochorwa juu ya vibao vya udongo katika nchi ambayo leo ni Iraki, ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa za fasihi andishi duniani. Gilgamesh, mfalme wa Uruk, ni dhalimu asiye na mshindani. Miungu inamfinyanga Enkidu kutokana na udongo ili awe kifani chake. Kabla hawajaonana, Gilgamesh anaota ndoto ya nyota iliyoanguka na shoka la ajabu, vitu anavyovikumbatia kama mume amkumbatiavyo mkewe, na mamake anamfasiria kwamba anajiwa na mwenzi. Wawili hao wanapigana mieleka, kisha wanakuwa marafiki wasioachana. Wanamuua Humbaba, mlinzi wa msitu wa mierezi, na kumchinja fahali wa mbinguni. Miungu inapoamua Enkidu afe, Gilgamesh anamfunika uso maiti huyo kama bibi harusi, na anakataa azikwe mpaka funza aonekane puani. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu namna ya kuliita pendo hilo. Mtunzi hahitaji kuungoja mwisho wa ubishi huo. Linalomfaa ni muundo: bila Enkidu hakuna safari ya msituni, na bila kifo cha Enkidu hakuna safari ya kutafuta uhai wa milele. Liondolewe pendo hilo, na utendi mzima utaporomoka.

Kisa cha Achilles na Patroclus nacho ni vivyo hivyo. Katika Iliad, Achilles amesusa vita kwa sababu Agamemnon amemnyang'anya Briseis. Wagiriki wanamsihi, wanamwahidi mali, na hasikii. Linalomrudisha vitani ni jambo moja tu, nalo ni kifo cha Patroclus aliyevaa silaha zake akauawa na Hector. Anarudi akijua kwamba kifo chake mwenyewe kinamfuata Hector, kwa kuwa mamake Thetis amekwisha kumwambia. Baadaye mzuka wa Patroclus unamjia na kuomba mifupa yao iwekwe pamoja. Homer hatamki kwamba walikuwa wapenzi. Wagiriki wa karne zilizofuata walitamka. Aeschylus aliwasawiri hivyo katika mchezo ambao vipande vyake vichache tu vimesalia, na Plato katika Symposium anamfanya mmoja wa wasemaji abishane kuhusu ni yupi kati yao aliyekuwa mpenzi na yupi mpendwa. Mwaka 2011 Madeline Miller aliandika upya kisa hicho katika riwaya The Song of Achilles, akampa Patroclus usimulizi, na riwaya hiyo ikashinda Tuzo ya Orange mwaka 2012. Miller hakuwabandika wahusika hao jambo lisilokuwemo. Alisogeza taa karibu na mahali ambapo visa vya kale vilikuwa vimeacha kivuli.

Mahabharata, utendi mkubwa wa India, unatoa mfano wa aina nyingine. Binti mfalme Amba anatekwa na Bhishma, maisha yake yanaharibika, naye anaapa kulipiza kisasi. Anazaliwa upya akiwa mtoto wa kike wa mfalme Drupada, analelewa kama mvulana, anaozwa mke, na siri inapokaribia kufichuka, yaksha mmoja wa msituni anabadilishana naye jinsia. Jina lake shujaa huyo ni Shikhandi. Katika uwanja wa Kurukshetra, Bhishma ambaye hakuna awezaye kumshinda anakataa kumpiga mtu aliyezaliwa mwanamke. Shikhandi anasimama mbele, Arjuna anafuma mishale kutoka nyuma yake, na Bhishma anaanguka. Jinsia ya Shikhandi haikuwekwa pembeni mwa kisa kama maelezo ya ziada, kwani ndiyo ufunguo wa vita vyote. Mtunzi anayetaka mhusika wa namna hiyo ajiulize swali hilohilo: ni mlango gani katika ulimwengu wa hadithi yake ambao hauwezi kufunguliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa huyu?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Iraki, Ugiriki na India, na kwamba Afrika haina la kulinganisha. Marlon James, Mjamaika aliyekwisha kupata Tuzo ya Booker mwaka 2015, alichapisha riwaya Black Leopard, Red Wolf mwaka 2019. Ni fantasia ya mapigano tangu mwanzo hadi mwisho, iliyojengwa kwa visasili vya Kiafrika. Humo mna Sasabonsam na Asanbosam wa ngano za Waakan, mna chui anayejigeuza mtu, na mna msakaji ambaye pua yake hufuata harufu ya mtu hata avuke mito na milima. Msakaji huyo anawapenda wanaume. Riwaya haisimami kutoa hotuba kuhusu hilo. Inaonyesha jinsi mtu aliyejifundisha kutomwamini yeyote anavyopata mpenzi na watoto waliotupwa na jamii zao, na jinsi alivyo na cha kupoteza tangu siku hiyo. Kwa lugha ya Liyongo, msakaji alikuwa hana kitovu. Akapenda, akawa nacho.

Hapa ndipo vijana watunzi hukabiliwa na kishawishi cha kwanza, yaani kumshika Liyongo mwenyewe na kumtangaza kuwa alikuwa hivi au vile. Kishawishi hicho kiepukwe. Utendi hauna ushahidi wa jambo hilo, na kisasili kinachosukumiziwa maana hugoma kama punda. Hali kadhalika, ndoa za mwanamke kwa mwanamke zinazojulikana miongoni mwa Wakamba, Wanandi, Wagikuyu, Abagusii na wengineo zisichukuliwe kuwa ni mapenzi ya jinsia moja. Ndoa hizo zilihusu hasa mrithi, jina na mali, na Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya urithi mwaka 2011. Hata hivyo, zinamfunza mtunzi wa fantasia somo lenye thamani: zipo jamii za Kenya ambazo ziliweza kumhesabu mwanamke kuwa mume na kumpa nafasi ya mume mbele ya watu. Anayebuni mji wa ajabu wenye sheria zake hana haja ya kwenda mbali kutafuta mahali ambapo vyeo vya ukoo havikufungwa na umbile pekee. Akopeshwe wazo, lakini asidai kwamba waliomkopesha walikuwa na nia yake.

Kishawishi cha pili ni cha lugha. Kiswahili cha mitaani kina maneno mengi ya kuwataja watu hawa, na karibu yote ni mawe ya kurushia. Shoga, neno la upole ambalo mwanamke wa pwani humwitia mwanamke mwenziwe, limegeuzwa likawa tusi la kumtupia mwanamume. Basha, ambaye katika karata ni mfalme, naye ameburutwa hadi matopeni. Mtunzi akiyatumia maneno hayo katika usimulizi, hadithi itanuka kejeli hata kabla kisa hakijaanza. Akitumia istilahi za warsha na ripoti, hadithi itanuka ofisi. Je, afanye nini? Atumie yaliyomo ghalani: mwenzi, mwandani, muhibu, sahibu. Washairi wa pwani wameyatumia maneno haya kwa karne nyingi bila kulazimika kumweleza msikilizaji ni nani anayeimbiwa.

Tena sarufi yenyewe ni ghala. Kiswahili hakigawi nafsi ya tatu kwa uume na uke. Sentensi kama "Alimfunga jeraha, akamwapisha asife kabla yake" haimwambii msomaji ni mume kwa mke, mke kwa mke au mume kwa mume. Mtafsiri wa Shikhandi kwa Kiingereza hana budi kuchagua kiwakilishi katika kila sentensi; mtafsiri wa Kiswahili anaweza kumfuata mhusika tangu kuzaliwa hadi vitani kwa kiambishi kimoja kisichoyumba. Hii ni neema ambayo watunzi wa lugha nyingi wangeililia. Lakini neema hiyo ina mtego wake, maana penye urembo ndipo penye urimbo. Mtunzi akijificha nyuma ya kiambishi hicho mpaka ukurasa wa mwisho, atakuwa ameandika fumbo badala ya hadithi. Kiambishi kitumike kumleta msomaji karibu na pendo kabla hajalitolea hukumu. Kisha majina yatajwe, sura zionekane, na msomaji aachiwe uamuzi wake.

Ili hoja isibaki hewani, uchukuliwe mfano wa kisa kinachoweza kujengwa juu ya msingi huo. Pana mji wa kisiwani wenye kisima kimoja cha maji matamu, na kisima hicho kinamilikiwa na jini. Kila kizazi jini humchagua mlinzi mmoja na kumpa ngozi isiyopenya chuma. Mlinzi wa sasa ni Mwanaidi. Zawadi ya jini ina mwiko: popote anapoguswa kwa mapenzi na mtu ampendaye, ngozi hapo hurudi kuwa ya binadamu. Walinzi waliomtangulia walichagua upweke, wakazeeka wakiwa kama sanamu. Mwanaidi anampenda Saumu, mfua mishale, na Saumu amemshika bega la kushoto. Sasa mji una mlinzi mwenye bega linalotoka damu. Adui yuko baharini na majahazi yake, na anachohitaji kujua ni kitu kimoja tu: mkono uliwekwa wapi?

Katika kisa hicho mapenzi na mapigano hayawezi kutenganishwa. Kila mguso ni furaha na ni hatari. Kila pambano linauliza ikiwa Mwanaidi ataukinga mji au bega, na Saumu atalazimika kujifunza upanga ili asimame daima upande wa kushoto. Siri yao haifichwi kwa sababu ya aibu pekee. Inafichwa kwa sababu ni siri ya vita, na msomaji anayechukizwa na mapenzi yao atajikuta akiomba siri hiyo isifichuke. Kisha hufuata swali la visakale: nani ataitoboa? Liyongo alisalitiwa na mwana, Magere na mke. Ikiwa msaliti hapa ni Saumu, kisa kitairudia kanuni bila kuongeza kitu. Lakini akiwa ni kaka wa Mwanaidi, mtu mwema anayempenda dadake na kuliona bega hilo kuwa fedheha ya ukoo, kisa kitakuwa kimeigusa Kenya ya leo bila kuitaja hata mara moja. Kaka huyo anaamini kwamba anauokoa ukoo, kumbe anamkabidhi adui ufunguo wa kisima.

Kaka huyo asifanywe katuni. Wasomaji wengi wa Kiswahili wana imani za dini zinazokataa mapenzi ya aina hii, nao si wajinga wala si wakatili. Hadithi inayowapa wapinzani maneno ya kipumbavu huwa imeshindwa kabla ya kuanza, kwa sababu msomaji huyo ataifunga. Hoja za kaka, machozi ya mama na hofu ya wazee wa mji vipewe nguvu yote inayostahili. Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kufunza maadili, na hakuna haja ya kuyatupa. Utu, uaminifu, kutomsaliti aliyekuamini: hayo ni maadili makongwe kuliko majahazi, na kisa cha kisima kinayajaribu yote.

Wapo wengine watakaodai kwamba fantasia yenyewe si ya Kiswahili. Dai hilo halihitaji jibu refu. Shaaban Robert aliweka nchi nzima angani katika Kusadikika, na katika Adili na Nduguze akawageuza ndugu wawili kuwa manyani. Katama Mkangi aliwapeleka wasomaji katika Walenisi mwaka 1995, na Said Ahmed Mohamed akamfufua babu mwaka 2001. Wote hao walitumia ajabu kusema lisilosemeka kwa uwazi katika zama zao. Mtunzi wa leo naye ana lisilosemeka. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kilipopingwa, Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha mwezi Mei 2019. Mwaka mmoja kabla ya hapo filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ilipigwa marufuku nchini. Mahakama iliiruhusu kuonyeshwa kwa siku 7 mwezi Septemba 2018, na watu wakajaza kumbi za sinema. Kwa hiyo mwanafunzi anayelala na wazo la hadithi kama hii ana sababu za kuogopa, na si haki kumcheka kwa woga wake. Lakini ajabu ndiyo nyumba ambamo fasihi ya Kiswahili imekuwa ikiihifadhi kweli yenye hatari tangu zamani.

Limebaki suala la kifo. Mashujaa wa visasili hufa: Enkidu, Achilles, Liyongo, Magere. Hata hivyo, pana tofauti kati ya kufa kwa sababu ya tendo na kuuawa kwa sababu ya pendo. Hadithi nyingi za ulimwengu wa kisasa zimewaua wahusika wapendao jinsia yao kana kwamba mtunzi alikuwa akilipa faini kwa kuwaumba. Mwanaidi akifa, na afe kisimani akiukinga mji, jinsi Liyongo alivyokufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Au asife. Mwiko wa jini unaweza kuwa na upande wa pili ambao hakuna mlinzi mpweke aliyepata kuugundua: kwamba bega lililoguswa hutoka damu, naam, lakini ndilo pekee linaloweza kupona, ilhali ngozi ya chuma ikipasuka haishonwi.

Mahali fulani katika ukumbi wa mihadhara ameketi msomaji ambaye Kiswahili kimewahi kumtaja kwa matusi tu. Ameupitia utendi wa Liyongo kwa ajili ya mtihani, ameyataja majina ya wahusika, amepata alama zake. Hajawahi kumkuta katika lugha hiyo shujaa anayependa kama apendavyo yeye, akishika upinde, akikosea, akiogopa, akishinda. Hadithi moja nzuri haitabadilisha sheria wala kumtuliza kaka. Itampa msomaji huyo kitu kidogo ambacho visasili vilimpa kila mtu mwingine tangu zamani: haki ya kuwa na kitovu, yaani kupenda, na kwa hiyo kuwa na kitu cha kupigania.